Serikali yaweza kujadili bei ya barabara, si ubora

JE, Serikali yaweza kujadiliana na wanakandarasi kabla ya kumkabidhi mmoja wao kazi ya barabara kuu?

Nchini Kenya, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inaruhusu, ila kwa nadra. Miongoni mwa sababu zinazokubalika ni wazabuni kufungana kwa bei ya chini kabisa, au bei hiyo kuzidi bajeti iliyotengwa. Hapo wahusika huombwa kuwasilisha bei zao za mwisho.

Hata hivyo, bei mpya haipaswi kuhafifisha ubora ulioainishwa awali. Sharti hilo si dogo, kwani lami nyembamba haionekani siku ya uzinduzi.

Mzabuni asiyeridhika ana siku 14 tangu kuarifiwa matokeo kuwasilisha malalamishi kwa bodi ya rufaa za ununuzi.