Visikilizio vya Masikioni na Amplifaya

Siku hizi vijana wengi husikiliza muziki kwa visikilizio vidogo vinavyochomekwa ndani ya tundu la sikio. Wengi wao huambiwa, dukani au na wenzao, kwamba visikilizio hivyo havitatoa sauti nzuri mpaka wanunue na amplifaya, yaani chombo cha kuongeza nguvu ya umeme unaochukua muziki. Neno hili limewatoa watu fedha bila faida. Tena limewafanya wengine wapandishe sauti kupita kiasi, wakidhani kwamba kinachokosekana ni nguvu. Katika makala haya nataka kuonyesha, kwa hesabu nyepesi tunayojifunza darasani, kwamba visikilizio hivi havina njaa ya nguvu hata kidogo, na kwamba aonaye sauti yake haitoshi yampasa kutafuta sababu mahali pengine.

Nasema habari za visikilizio vya waya. Visivyo na waya vina amplifaya ndogo ndani yake, kwa hiyo wenye navyo hawana haja ya kuuliza swali hili. Lakini habari za masikio, zitakazofuata mwishoni, zawahusu wote.

ASILI YAKE

Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman, chombo kidogo cha kaseti kilichowawezesha watu kutembea na muziki wao. Visikilizio vyake vilikaa juu ya sikio. Mwaka 1991 kampuni ya Etymotic Research ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1983 na Mead Killion, mtaalamu wa mambo ya usikivu, ilitoa kisikilizio kiitwacho ER-4 ambacho huingia ndani ya tundu la sikio na kuliziba. Ndani yake mlikuwa na kitoa sauti cha namna ile ile itumikayo katika vyombo vya kuwasaidia watu wasiosikia vizuri.

Jambo hili latupa fununu kubwa. Chombo cha kumsaidia asiyesikia huendeshwa na betri ndogo kama kifungo, nayo yapaswa kudumu siku kadhaa. Basi kitoa sauti chake hakina budi kuitika kwa umeme kidogo sana. Zaidi ya hayo, kikiwa ndani ya tundu lililozibwa, hewa ya kutikiswa ni kidogo mno, wala sauti haina njia ya kupotea nje. Ndiyo maana visikilizio hivi vina wepesi mkubwa wa kuitika.

HESABU YAKE

Katika karatasi ya kisikilizio aghalabu huandikwa mambo mawili. La kwanza ni ukinzani wake, ambao hupimwa kwa omu. La pili ni wepesi wake wa kuitika, yaani desibeli ngapi za sauti hutoka akipewa miliwati 1 ya umeme. Miliwati ni sehemu moja ya elfu ya wati. Yafaa kukumbuka pia kwamba nguvu ikizidishwa mara 10, sauti hupanda desibeli 10. Ikizidishwa mara 100, hupanda desibeli 20.

Tuchukue kisikilizio cha omu 16 ambacho kwa miliwati 1 hutoa desibeli 106. Tuseme twataka kusikiliza kwa desibeli 86, sauti ambayo tayari ni kubwa. Hizo ni desibeli 20 chini ya 106, basi twahitaji sehemu moja tu ya mia ya miliwati.

Sasa tutazame chombo cha kuchezea muziki. Tuseme chaweza kutoa nusu volti, kiasi kisicho kigeni katika simu na vyombo vidogo. Ili kupata nguvu, zidisha volti kwa volti, kisha ugawanye kwa omu. Nusu mara nusu ni 0.25, gawanya kwa 16, utapata wati 0.0156, yaani karibu miliwati 15.6. Hiyo ni zaidi ya mara 1,500 ya nguvu tuliyohitaji! Chombo hicho chaweza kukifikisha kisikilizio hicho karibu desibeli 118, sauti ya kuumiza.

Mtu aweza kusema kwamba muziki una vilele, kama pigo la ghafla la ngoma, vinavyotaka nguvu zaidi. Ni kweli. Lakini hata kilele kikizidi sauti ya kawaida kwa desibeli 20, katika mfano wetu chataka miliwati 1 tu, nayo ipo tele.

AMPLIFAYA YAFAA WAPI?

Hatusemi kwamba amplifaya haina kazi. Kuna visikilizio vikubwa vya kufunika masikio, kama Sennheiser HD 600, vyenye ukinzani wa omu 300. Chombo kile kile cha nusu volti hukipa kisikilizio cha omu 300 miliwati 0.83 tu, badala ya 15.6. Hapo mtu aweza kuhitaji msaada.

Hata ER-4 yenyewe ilikuwa na aina zaidi ya moja. ER-4S ilikuwa na omu 100, na ER-4P, iliyokusudiwa vyombo vya kubeba mkononi, ilikuwa na omu 27. Aliyetaka ER-4P ifanye kazi kama ER-4S alichomeka kati yake na chombo kipande cha waya chenye ukinzani wa omu 75. Mafundi hao walitambua kwamba ni rahisi kutengeneza kisikilizio kinacholingana na chombo kidogo kuliko kumtwika msikilizaji mzigo wa pili mfukoni.

HASARA ZAKE

Amplifaya isiyohitajiwa yaweza hata kuharibu. Kwanza, kila chombo cha umeme kina mvumo wake mdogo, kama sauti ya mchanga unaomiminwa. Kisikilizio kizito hakiusikii, lakini kilicho chepesi kuitika huutoa wazi, hasa muziki unapotulia. Amplifaya hukuza mvumo wa chombo pamoja na muziki, kisha huongeza na wa kwake.

Pili, ukiwa na nguvu nyingi kupita haja, kitufe cha sauti hutumika mwanzoni tu mwa mzunguko wake. Hapo vitufe vingi vya bei rahisi havilingani, sikio moja hupata sauti kubwa kuliko la pili. Na kidole kikiteleza kidogo tu, sauti hupasuka masikioni.

Liko jambo moja la haki ambalo wauzaji wa amplifaya wangeweza kulitaja. Chombo cha muziki nacho kina ukinzani wake wa ndani. Ukiwa mkubwa ukilinganishwa na wa kisikilizio, na kisikilizio kikiwa na vitoa sauti zaidi ya kimoja, baadhi ya sauti hupungua na nyingine huzidi, muziki ukageuka tabia. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukinzani wa ndani usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa kisikilizio. Kwa kisikilizio cha omu 16, usizidi omu 2. Amplifaya njema yaweza kuponya ugonjwa huu, lakini tufahamu kwamba huuponya kwa udogo wa ukinzani wake. Wingi wa nguvu zake hauna kazi hapo.

SAUTI DHAIFU YATOKA WAPI?

Mara nyingi anayelalamika kwamba sauti ni nyembamba, tena haina besi, tatizo lake ni kuziba. Kipande cha mpira kikiwa kidogo au kikubwa kuliko tundu la sikio, hewa huvuja, na besi ndiyo hutangulia kutoroka. Kwa sababu hiyo visikilizio vingi huuzwa na vipira vya saizi kadhaa. Jaribu vyote, na usishangae ikiwa sikio la kulia lataka saizi moja na la kushoto nyingine. Tazama pia kama nta imeziba kijitundu cha kutolea sauti, kisha uisafishe taratibu. Tiba hizi hazigharimu hata senti moja.

Kuziba vizuri kuna faida nyingine. Kelele za basi au za soko hubaki nje, na msikilizaji hana haja ya kushindana nazo kwa kupandisha sauti. Lakini usitembee barabarani, wala usipande baiskeli, masikio yakiwa yamezibwa hivyo. Honi haitakufikia.

MASIKIO YETU

Sasa nafika kwenye jambo lililo kubwa kuliko fedha. Ndani kabisa ya sikio mna chembe zenye vijinywele vidogo sana vinavyopokea mtikisiko wa sauti. Kelele nyingi huziua, nazo zikifa hazioti tena. Kanuni iliyotolewa mwaka 2019 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa yasema kwamba mtu mzima aweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 katika juma, na kwa watoto desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila zikizidi desibeli 3, muda hupunguzwa nusu. Basi kwa mtu mzima desibeli 83 ni saa 20. Desibeli 86, zile za mfano wetu, ni saa 10. Desibeli 95 ni saa moja na robo tu kwa juma zima. Kisikilizio chetu cha mfano huzifikia desibeli 95 bila hata kutumia sehemu moja ya kumi ya miliwati.

Ukisikia masikio yanalia baada ya muziki, au sauti za watu zimekuwa kama zatoka mbali, hilo ni onyo. Punguza sauti na uyapumzishe masikio. Simu nyingi za sasa zina njia ya kuweka kikomo cha sauti. Wazazi na wanafunzi wakae pamoja waiweke.

Kwa hiyo, mwenzangu, kabla ya kununua amplifaya soma omu na desibeli katika karatasi ya kisikilizio chako, ufanye hesabu, kisha ubadilishe kipira. Fedha itakayobaki itakununulia daftari. Na masikio utakayoyatunza leo utayahitaji utakapokuwa mzee, wajukuu wakikusimulia habari zao. Tahadhari kabla ya hatari.