Mtoto Alimwona Bibi, Sisi Tuliiona Simu

Jumamosi moja ya Novemba tulikuwa tumesimama kwenye kituo cha basi, katika mji mdogo wa Uingereza tunakoishi ukimbizini, pamoja na binti yetu wa miaka 6. Mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha. Basi likasimama, akashuka bibi mmoja mzee wa Kiingereza na mfuko wa karatasi uliokwisha lowa. Hakupiga hatua tatu mfuko ukapasuka, viazi na machungwa vikatawanyika chini.

Kituoni tulikuwa watu wazima saba, na sote saba tulikuwa tumeinamia simu. Aliyemwona bibi ni mtoto. Aliuchomoa mkono wake katika mkono wetu akaanza kuokota kiazi kimoja kimoja. Chungwa moja likabingirika hadi barabarani, naye akalifuata. Tulichosikia sisi ni mlio wa breki. Tulipoinua macho, bibi yule alikuwa ameshamkamata mtoto kwa kofia ya koti lake, na gari limesimama hatua chache tu kutoka miguuni pake.

Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: hivi nani kati yetu alikuwa anamlea mwenziwe?

Mara nyingi sisi wazazi hudhani kwamba wema ni kitu tunachomfundisha mtoto kwa maneno na, ikibidi, kwa bakora. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, Ujerumani, Felix Warneken na Michael Tomasello, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio lao kwa watoto 24 wa miezi 18. Mtu mzima aliangusha kibanio cha nguo kisha akajifanya mkono haukifikii, au alijaza magazeti mikononi akashindwa kufungua kabati. Watoto 22 kati ya 24 walimsaidia angalau mara moja, bila kuombwa wala kupewa pipi. Lakini kibanio kilipotupwa kwa makusudi, kwa kawaida hawakujisumbua kukiokota. Maana yake ni kwamba mtoto hutazama kwanza, akaelewa mwenzake ana shida gani, ndipo akasaidia. Wema huanzia machoni.

Na macho ndiyo tuliyoyapeleka kwenye simu. Mwezi wa Agosti 2018, chama cha waokoaji majini cha Ujerumani, DLRG, kiliwaonya wazazi kwamba wengi wao wanachezea simu huku watoto wao wakiogelea bila mtu wa kuwaangalia. Mwezi uliofuata, mjini Hamburg, mvulana wa miaka 7 aliongoza maandamano ya watoto na wazazi barabarani. Ujumbe wao ulikuwa: chezeni na sisi, msicheze na simu zenu.

Hapa Uingereza, dereva anayekamatwa ameshika simu akiendesha hutozwa pauni 200 na kuandikiwa pointi 6 kwenye leseni, na tangu Machi 2022 sheria imekazwa zaidi. Jiji la Honolulu, Marekani, lilianza mwaka 2017 kuwatoza faini hata wanaovuka barabara wakitazama simu. Lakini hakuna askari atakayekuja kumwandikia faini mzazi aliyesimama kituoni akimshika mtoto kwa mkono mmoja na dunia nzima kwa mkono wa pili.

Sisi tuliofukuzwa makwetu tuna udhuru wetu. Simu ndiyo kamba iliyobaki kati yetu na nyumbani. Humo ndimo tunamojua nani kafa, nani kakamatwa, nani kaoa. Siku ile kituoni tulikuwa tunasoma mabishano ya siasa za nyumbani katika kundi la WhatsApp, na kwa haki ya Mungu, leo hatukumbuki hata yalihusu nini. Chungwa lile tunalikumbuka.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawakusema "umwambiavyo". Mtoto anayetuona tukipita aliyeanguka huku tumeinama, naye atajifunza kuinama. Wema aliozaliwa nao hautaondolewa na adui. Tutauondoa sisi wenyewe, kidogo kidogo.

Nyumbani kwetu sasa tumewekeana sharti: tukitoka na mtoto, simu inakaa ndani ya mkoba mpaka turudi. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kama kuacha sigara. Habari za nyumbani zinatusubiri hadi jioni, na bado hatujakosa msiba hata mmoja.

Siku ile, tulipokwisha kupanda basi, binti yetu alituuliza: "Baba, kwani wewe hukumwona yule bibi?" Hatukuwa na jibu. Msomaji mwenye mtoto naye ajiulize, kabla hajaulizwa.