Mwendo, Breki na Watu Juu ya Magunia

Msimu wa kusafirisha mazao unapowadia, vyama vingi vya msingi katika Mbeya na Iringa huwa na lori la kukodi barabarani. Bodi hujadili bei ya kukodi, idadi ya magunia na turubai la kufunikia. Ni nadra kukuta katika muhtasari wa kikao hata mstari mmoja unaohusu breki, mwendo, au watu watakaopanda juu ya mzigo. Yafaa mambo hayo nayo yaingie katika muhtasari, kwa kuwa siku hizi yapo matokeo ya utafiti ambayo katibu yeyote anaweza kuyatumia pasipo kuwa fundi wa magari.

Kwanza tutazame hesabu. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kwa Tanzania, taarifa ya shirika hilo ya mwaka 2018 ilionyesha jambo litakalomshtua mkaguzi yeyote. Vifo vilivyoandikishwa mwaka 2016 vilikuwa 3,256, bali makadirio ya wataalamu yalizidi 16,000. Daftari mbili za chama zingetofautiana hivyo, tungefunga ofisi siku hiyo hiyo. Tofauti ya namna hiyo hutokea aghalabu kwa sababu majeruhi anayefia hospitali au nyumbani siku kadhaa baada ya ajali haingizwi katika hesabu.

Sasa mwendo. Watafiti wamekadiria kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kuua huongezeka kwa asilimia 4 hivi. Mtu anayetembea kwa miguu akigongwa na gari dogo liendalo kilomita 65 kwa saa, hatari yake ya kufa ni mara nne na nusu kuliko angegongwa na gari liendalo kilomita 50. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kilomita 50 kwa saa kuwa kikomo penye makazi, na kilomita 80 kwa mabasi na magari mazito nje ya makazi. Hivyo tarakimu za kwenye vibao zina maana yake, na wala hazikuwekwa ili kumkomoa dereva.

Katika nyanda zetu hizi za juu, mwendo haukamiliki bila kuutaja mteremko. Atokaye Iringa kwenda Dar es Salaam hana budi kushuka Kitonga. Lori lililojaa mahindi likiongeza mwendo maradufu, masafa yanayohitajika kulisimamisha kwa breki huwa mara nne. Dereva akishuka kwa kukanyaga breki mfululizo, breki hupata moto, na moto ukizidi hazishiki tena hata akanyage kwa miguu yote miwili. Dawa yake ni kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka. Akingoja hadi katikati ya mteremko, pengine gia haitakubali kuingia. Mzigo uliozidi kipimo huongeza hatari hiyo, na hapo lawama si ya dereva peke yake, kwa maana magunia ya ziada yamepakiwa ghalani kwetu mbele ya macho yetu. Mwaka 2018 mkoa wa Mbeya ulipata mfululizo wa ajali kubwa, na baadhi zilihusu malori yaliyoshindwa breki. Tarehe 11 Machi 2015, huko Changarawe, Mafinga, kontena la lori liliangukia basi lililotoka Mbeya, wakafa watu zaidi ya 40.

Je, abiria anaweza kufanya nini? Hapa utafiti wa Kenya unastahili kusomwa. Wataalamu wawili, Habyarimana na Jack, walibandika ndani ya matatu zilizochaguliwa kwa bahati nasibu maandishi yanayomhimiza abiria amkemee dereva anayekimbiza gari. Matokeo ya jaribio la kwanza yalitolewa mwaka 2011: madai ya bima yalipungua kwa nusu au zaidi. Jaribio kubwa lililofuata, lenye magari yapatayo 12,000, lilitolewa matokeo mwaka 2015, na madai yalipungua kati ya asilimia 25 na 33. Karatasi ya kubandika ni rahisi kuliko kifaa chochote. Tatizo letu ni heshima na haya: mzee mzima hukaa kimya huku moyo unamdunda, kisha akishuka salama humshukuru dereva.

Kwa watu wanaopanda juu ya magunia, naona hakuna mjadala. Bima ya lori la mizigo isidhaniwe kuwa inamlinda mwanachama aliyelala juu ya turubai. Hati isomwe kwanza. Chama kilipe nauli ya basi kwa wajumbe wanaosindikiza mazao. Fedha hiyo ni ndogo kuliko sanda na jeneza.

Wanaotumwa kwa bodaboda wavae kofia ngumu iliyofungwa kidevuni. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kofia hiyo hupunguza vifo vya wapanda pikipiki kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Vyama vyenye maghala karibu na shule vitazame pia kazi iliyofanywa Dar es Salaam na shirika la Amend. Lilijenga matuta, vivuko na njia za miguu kwenye maeneo ya shule, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta majeruhi miongoni mwa watoto wamepungua kwa asilimia 26. Katibu aweza kupeleka ombi la namna hiyo kwa serikali ya kijiji.

Mkataba wa kukodi lori utaje uzito wa mwisho, tarehe ya kukaguliwa breki, na katazo la kupakia watu. Uandikwe kabla lori halijafika ghalani, na nakala yake ikae katika faili la chama pamoja na nakala ya bima.