Pilipili Haimfundishi Mbwa Ulinzi

"Daktari, nimpe nini mbwa wangu awe mkali?" Swali hili huniandama kliniki, msibani, hata kwenye foleni ya benki, na muulizaji mara nyingi ana jibu lake tayari: pilipili kwenye ugali, moshi wa bangi, kisha kumfungia kwenye banda la giza mchana kutwa. Nasema tena, usimpe chochote kati ya hivyo.

Kinachowasha kwenye pilipili ni kapsaisini, nayo huamsha mishipa ya fahamu inayopeleka habari za maumivu na joto. Ujasiri hauongezeki hata chembe. Mbwa hudondokwa na mate, hutapika, huhara. Tumbo likimsokota, humngurumia kila anayemsogelea, na mwenye nyumba hushangilia kwamba dawa imekubali. Mnyama anaumwa! Bangi ni mbaya zaidi: mbwa hupepesuka, mkojo humtoka bila kujua, hushtushwa na kila kelele, kisha husinzia. Mbwa wa namna hiyo halindi chochote.

Na lile banda la giza? Mtoto wa mbwa huuzoea ulimwengu kati ya wiki ya 3 na kama ya 12 au 14 tangu kuzaliwa. Asipoona watoto, wageni na bodaboda wakati huo, atawaogopa ukubwani. Huyo mnayemsifu kuwa mkali, hebu mtazame vizuri. Chukua penseli umchore, hata kama hujui kuchora, maana mkono unaochora hulilazimisha jicho kuona: uzito wote umerudi miguu ya nyuma, mkia umebanwa mapajani, masikio yamelala, weupe wa jicho umetokeza pembeni. Hiyo ni hofu tupu. Mbwa mwenye hofu hachagui, na mara nyingi anayeumwa ni mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake.

Fimbo nayo haisaidii. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwahoji watu waliowaleta mbwa wao kwa matatizo ya tabia. Kati ya waliokuwa wakiwapiga au kuwapiga mateke, asilimia 43 walisema mbwa aliwajibu kwa ukali. Atakayeniambia mnyama hafunziki bila kiboko, aende Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa mlio mfupi na kipande cha ndizi. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020. Hakuna aliyemchapa. Mbwa, aliyeishi na binadamu maelfu ya miaka, atashindwaje?

Basi fanya hivi. Weka mfukoni vipande vidogo vya maini ya kuchemsha, au dagaa. Sema "kaa"; akikaa, mpe papo hapo, maana ukichelewa hatajua amelipwa kwa lipi. Dakika 5 zinatosha, mara 2 au 3 kwa siku. Akikosea, mnyime tu. Akikurukia, mpe mgongo hadi miguu yote minne iwe chini. Akibweka getini, mwite kwa jina, akija mpe. Nyumba nzima itumie maneno yale yale. Mtembeze, asishinde kwenye mnyororo. Anayebweka mgeni akifika, akanyamaza ukimwita, huyo ndiye mlinzi. Aliyekwisha kuuma watu mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza, kwani huenda ana maumivu.

Na mchanje kila mwaka dhidi ya kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachomwe chanjo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huo hauna tiba.