Ulimwengu zaidi ya mmoja: Wahindu wa kale walisema nini hasa?

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu ukidai kwamba Wahindu wa kale waligundua zamani kuwa ulimwengu si mmoja, na wanasayansi wa leo wanarudia tu yale yale. Baadhi yenu mmetutumia mkiuliza kama ni kweli. Tumeona nusu yake ni kweli na nusu imetiwa chumvi.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, awe Mwislamu, Mkristo au mwingine. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, na hiyo dini ndiyo tunayoizungumzia hapa. Na tukisema malimwengu, hatumaanishi yale ya kwenye taarabu. Tunamaanisha ulimwengu huu wetu, pamoja na jua na nyota zake, na mwingine kama huu, na mwingine tena.

Habari hizo zimo katika Purana, vitabu vya dini vilivyoandikwa kwa Kisanskriti. Kimojawapo, Bhagavata Purana, wataalamu wengi wanaona kilipata umbo lake miaka 1,000 hivi iliyopita. Humo ulimwengu huitwa brahmanda, yaani yai la Brahma, mungu muumbaji. Yai hilo limefunikwa na maganda saba, kila ganda mara 10 ya lile la ndani yake. Na mayai ya namna hiyo hayahesabiki. Mbele ya Mungu Mkuu yanapita kama chembe za vumbi dirishani. Wewe uliyewahi kuona vumbi likicheza kwenye mwale wa jua unaopenya tundu la bati, picha hiyo unayo tayari.

Muda nao ni mrefu ajabu. Mchana mmoja wa Brahma ni miaka 4,320,000,000. Brahma huishi miaka 100 ya siku za namna hiyo, kisha naye hufika mwisho.

Hapo ndipo watu wanaporukia sayansi. Ni kweli wapo wanafizikia wanaozungumzia malimwengu mengi. Mwaka 1957 Mmarekani Hugh Everett alitoa wazo linaloelekea huko, akitumia hesabu za chembe ndogo kabisa. Lakini mpaka leo hakuna kipimo kilichothibitisha kuwa malimwengu mengine yapo. Na waandishi wa Purana hawakuwa wanapima chochote. Walikuwa wanafundisha dini. Kuwaita wanasayansi, kwa maoni yetu, ni kuwavika nguo isiyo yao.

Walichotaka kufundisha kinaonekana vizuri katika kisa kilichomo kwenye Brahmavaivarta Purana.

Indra, mfalme wa miungu na mwenye mvua, alimuua Vritra, joka lililoziba maji hadi nchi ikakauka. Baada ya ushindi akaamuru fundi wa miungu, Vishvakarma, amjengee jumba. Fundi akajenga. Indra akataka kubwa zaidi. Akajenga tena, bado mfalme hakuridhika. Fundi alipochoka akapeleka malalamiko yake juu.

Asubuhi moja akaingia mtoto mgeni. Alikuwa Vishnu mwenyewe. Akasema hakuna Indra yeyote wa kabla aliyewahi kumaliza jumba kama hilo. Indra akacheka: mtoto kama wewe umewaona Indra wangapi? Mtoto akamjibu kwamba katika mchana mmoja tu wa Brahma hupita Indra 14, na malimwengu, kila moja na Brahma wake, hakuna awezaye kuyahesabu.

Wakati anasema, msafara wa sisimizi ukapita sakafuni. Mtoto akacheka. Alipobanwa aeleze, akasema kila sisimizi yule aliwahi kuwa Indra.

Mfalme akanyamaza. Vishvakarma akapewa zawadi na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Indra alitaka hata kuacha ufalme akaishi porini, lakini mkewe Shachi alimwendea mshauri wao Brihaspati, naye akamtuliza. Indra akabaki kwenye kiti chake akiendelea na kazi, na habari ya kuongeza jumba ikaishia hapo.