Tulisamehewa madeni, mbona deni la Serikali bado linakua?

Kila mwezi Aprili, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) inapowasilishwa bungeni, swali moja hurudi kwa wasikilizaji wetu wa Tukuyu, Kiwira, Katumba na vijiji vya jirani: kama Tanzania ilisamehewa madeni miaka ya nyuma, hili deni la sasa limetoka wapi? Katika makala haya tunalijibu swali hilo hatua kwa hatua.

Tulisamehewa nini?

Mwaka 1996 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) zilianzisha mpango wa kuzipunguzia madeni nchi maskini zenye madeni makubwa, unaojulikana kama HIPC. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1980, Mwalimu Nyerere alikuwa akihoji hadharani kama ni haki watoto wetu wafe njaa ili madeni yalipwe. Makanisa na vyama vya kiraia duniani navyo vilipaza sauti.

Tanzania ilikamilisha masharti ya HIPC Novemba 2001. Nafuu iliyopatikana ilikuwa takriban dola bilioni 3 za Marekani, lakini hazikuja kwa mkupuo. Zilikuwa ni malipo ambayo nchi ilisamehewa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Baada ya mkutano wa mataifa tajiri uliofanyika Gleneagles, Scotland, mwaka 2005, msamaha wa pili ulifuata. Januari 2006 IMF ilifuta takriban dola milioni 336, na baadaye mwaka huo Benki ya Dunia nayo ikafuta sehemu ya madai yake.

Matunda yake yalionekana. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Wanafunzi wa shule za msingi nchini waliongezeka kutoka karibu milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Wengi waliokaa kwenye madarasa ya MMEM leo ni wazazi.

Kwa nini deni limerudi?

Sababu ya kwanza ni kwamba msamaha ulihusu madeni ya zamani. Kwa IMF, ni yale ya hadi mwisho wa mwaka 2004. Kwa Benki ya Dunia, ya hadi mwisho wa mwaka 2003. Mikopo iliyochukuliwa baada ya hapo haikuguswa. Ni sawa na mkulima wa chai aliyefutiwa deni la mbolea la msimu uliopita. Akichukua mbolea nyingine kwa mkopo, atakatwa kwenye malipo ya majani mabichi kama kawaida.

Sababu ya pili ni miradi mikubwa. Kwa mfano, mwaka 2020 Serikali ilisaini mkopo wa dola bilioni 1.46 ulioratibiwa na benki ya Standard Chartered kwa ajili ya reli ya kisasa, SGR. Mwaka 2021 ilipata kutoka IMF mkopo wa takriban shilingi trilioni 1.3 kukabiliana na athari za UVIKO-19. Fedha hizo zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, yale ambayo wananchi wameyazoea kwa jina la madarasa ya UVIKO. Ni vizuri kukumbuka kwamba hayakuwa zawadi.

Sababu ya tatu ni thamani ya shilingi. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300; katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,600. Deni la dola likibaki lilelile, kwa shilingi linaonekana kubwa zaidi hata kama hakuna aliyekopa senti mpya.

Kwa mujibu wa CAG, deni la Serikali lilikuwa shilingi trilioni 64.52 Juni 2021. Juni 2024 lilifika trilioni 97.35.

Je, tunaweza kusamehewa tena?

Hapa ndipo penye ugumu. Zamani wadai wakubwa walikuwa serikali za nje na mashirika ya kimataifa, ambao waliweza kukaa meza moja na kukubaliana. Leo sehemu ya mikopo ni ya kibiashara, yenye riba ya soko na muda mfupi wa kulipa. Wanachama wa vikoba wanaijua tofauti hii: mkopo wa kikoba unaweza kuombewa muda, lakini mkopeshaji wa biashara anahesabu siku.

Zaidi ya hapo, karibu theluthi moja ya deni ni la ndani. Serikali inauza hatifungani na dhamana, na wanunuzi ni mabenki, mifuko ya hifadhi ya jamii na wananchi wenyewe. Deni hilo likifutwa, atakayeumia si tajiri wa Ulaya. Ni mwalimu mstaafu wa hapa Tukuyu anayesubiri pensheni yake.

Tuwatazame majirani. Zambia nayo ilisamehewa mwaka 2005. Ikakopa upya, na Novemba 2020 ikashindwa kulipa riba ya hatifungani zake za nje. Ilichukua hadi Juni 2023 kufikia makubaliano na serikali zinazoidai. Malawi, ng'ambo ya mpaka wetu wa Kasumulu, ilisamehewa mwaka 2006 na leo imeelemewa tena. Wafanyabiashara wanaovuka mpaka huo wameona kwacha ikiporomoka.

Tanzania haijafika huko. Tathmini za IMF za miaka ya karibuni zimeiweka katika kundi la hatari ya wastani, na Serikali husisitiza kuwa deni ni himilivu. Lakini himilivu maana yake ni kwamba linalipika. Haina maana kwamba halina maumivu.

Linatugusa vipi Rungwe?

Bajeti ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Zaidi ya trilioni 13 zilitengwa kulipia deni, zikiwemo riba na mikopo ya ndani iliyoiva. Kwa kila shilingi 100, zaidi ya 26 zilikuwa na mwenyewe kabla dawa haijanunuliwa wala barabara ya kijiji haijachongwa. Halmashauri yetu, kama nyingine nyingi, inategemea fedha kutoka Serikali Kuu kwa mishahara na miradi mingi.

Wakati huohuo misaada inapungua. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na baadaye ikafuta miradi mingi. Kwa mkoa wa Mbeya, ambako utafiti wa mwaka 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 9.6, hilo si jambo la mbali. Msaada ukiondoka, pengo linazibwa kwa kodi, kwa mkopo, au linabaki wazi.

Mwananchi afanye nini?

Kisheria, mwenye mamlaka ya kukopa kwa niaba ya Serikali ni Waziri wa Fedha. Lakini kuuliza ni haki ya kila mtu. Ripoti za CAG ziko wazi kwa umma, na mapato na matumizi ya kijiji yanapaswa kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mradi ukiletwa, tuulize: ni fedha ya kodi, msaada au mkopo? Kama ni mkopo, jengo litadumu kuliko deni lake? Zahanati inayopasuka kuta baada ya miaka mitatu huku mkopo wake ukilipwa kwa miaka ishirini ni hasara mara mbili, na watakaoilipa ni wanafunzi walioko darasani sasa.