Huzuni Isiyongoja Juma Lijalo

Wewe uliye na ndugu mwenye huzuni nzito, sikia. Kuzungumza na mshauri mara moja kwa juma huwasaidia wengi. Lakini ziko dalili zisizongoja siku ya mazungumzo: kukosa usingizi siku nyingi, kukataa chakula, kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kusema afadhali kufa.

Mwulize wazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halitamtia wazo hilo moyoni. Akikubali, usimwache peke yake. Ondoa kamba, visu na dawa ya wadudu. Usimfunge wala kumpiga. Mlete hospitali leo, hata usiku. Munganga anaweza kumlaza na kumpa dawa. Dawa za huzuni hukawia majuma 2 au zaidi kabla ya kusaidia. Mlinde siku hizo zote.